Barua kwa mtoto wa kaka: mshahara wako una wengi wanaousubiri

Assalaam alaykum, baba.

Nakuita baba kwa kuwa umebeba jina la baba yangu, na kwa kuwa sasa wewe ni mwalimu, mtumishi wa serikali mwenye cheki namba, siyo yule wa kutumwa mawese Mwanga akarudi na chenji pungufu. Barua hii naiweka hadharani makusudi. Mmeajiriwa wengi kwa mkupuo mmoja. Hapa Kigoma, kuanzia Ujiji, Gungu hadi Katonga, kila mtaa una kijana aliyepangiwa shule mbali na kwao, na si wote waliojaliwa shangazi mwenye mdomo.

Mama yako kaniambia mshahara wa kwanza haujatoka, lakini simu umeshapigiwa. Kuna mtu anasema unastahili mkopo wa milioni kumi, na fomu atakuletea mwenyewe mpaka hapo Kakonko. Nawe ukamwambia mama kwa furaha kwamba wanakuamini. Hawakujui, baba, watakuaminije? Wanachokiamini ni kwamba makato yatatoka kabla hela haijafika mkononi mwako.

Chukua kalamu tuhesabu. Tuseme mshahara wa msingi ni 700,000; wako ukiwa tofauti, utabadilisha mwenyewe. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua 5%, yaani 35,000. Bima ya afya 3%, yaani 21,000. Bodi ya Mikopo iliyokusomesha chuo 15%, yaani 105,000. Kodi huhesabiwa baada ya kutoa mchango wa pensheni: 270,000 za mwanzo haziguswi, kutoka hapo hadi 520,000 ni 8%, na kutoka hapo hadi 760,000 ni 20%. Kwako inakuja 20,000 na 29,000, jumla 49,000. Umebakiwa na 490,000, na chama cha wafanyakazi bado hakijachukua chake.

Sasa kaa upande wa mwenye fomu. Utaratibu wa utumishi unataka makato yote yakuachie angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Theluthi ya 700,000 ni kama 233,000. Wewe ukiitazama 490,000 unaona chumba, unga, nauli na mama. Yeye anaona 257,000 ambazo bado zinakatika. Kwa riba ya 15% kwa mwaka na marejesho ya miezi 60, makato ya 257,000 yanabeba mkopo unaozidi kidogo milioni kumi. Umeona zile milioni kumi zilikotoka? Hakuuliza una shida gani. Amepima nafasi iliyobaki kwenye slipu yako akaijaza yote. Mwisho wa miaka mitano utakuwa umerudisha zaidi ya milioni kumi na tano, na miaka yote hiyo umeishi kwa 233,000. Ukitaka kuoa, 233,000. Mama akilazwa Maweni, 233,000.

Na hapo ndipo kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wanapopatia mteja. Mwalimu ambaye benki imeshambana hadi theluthi hana pa kugeukia shida ikibisha hodi katikati ya mwezi. Anakwenda kwa yule wa mtaani, anaacha kadi ya ATM na namba ya siri. Nimewaona watu wazima, walimu wanaoheshimika, wamekaa kwenye ngazi za benki tarehe za mshahara wakisubiri mtu mwingine atoe hela zao, ajitoe chake, kisha awape kinachobaki. Wakopeshaji wadogo wenye leseni Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa 3.5% kwa mwezi. Anayekukopesha laki moja akitaka laki na thelathini mwezi ukiisha, jua umeshatoka nje ya sheria na huna wa kumlalamikia, maana hata karatasi hamkuandikishana. Wale wa kwenye simu ndiyo usiwaguse kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila idhini. Ukichelewa siku mbili wanawaandikia watu wote uliowahifadhi kwenye simu, mkuu wa shule na baba mkwe mtarajiwa wakiwemo.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza usikope kwa mshahara. Hujathibitishwa kazini, hujui hata kama chumba ulichopanga kinavuja masika. Habari ya riba kidini sitaisemea mimi, muulize ustadhi wako. Mabenki kadhaa siku hizi yana dirisha lisilo na riba. Lakini hata kupitia dirisha hilo, makato ni makato.

Deni moja tu lisikukoseshe usingizi, la Bodi. Wale waliotangulia walikuwa wakiongezewa 6% kila mwaka ya kutunza thamani ya mkopo, wanalipa na deni halisogei. Ikafutwa 2021. Sasa 15% ikikatwa, deni linapungua kweli, basi usihangaike kulipa kwa pupa ukabaki mkavu. Na ile PSSSF unayoinung'unikia, ukitoa 5% mwajiri anaongeza 15%. Kwenye hesabu yetu ni 105,000 kila mwezi ambazo hukuziomba.

Nije kwenye lile ninalolijua kuliko benki. Wewe umekulia Kibirizi, ila kwa wasiolijua Ziwa Tanganyika niseme kidogo. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza, taa inavuta, mitumbwi inarudi alfajiri imejaa na bei inashuka mpaka unamhurumia mvuvi. Mbalamwezi ikitanda, taa haina kazi. Mitumbwi inapandishwa ufukweni, vijana wanashona nyavu na kucheza bao, na dagaa wanapanda bei. Biashara yangu yote imesimama hapo: nanunua kwenye giza, naanika, nauza kwenye mbalamwezi. Hakuna mtu Kibirizi asiyejua mwezi utapevuka lini, watoto wa madrasa wanajua. Bado kila mwezi utamkuta kijana aliyefanya kufuru na laki mbili kwenye giza, siku ya tatu ya mbalamwezi anakopa unga dukani kwa daftari.

Kisha 2024 ziwa lenyewe likapumzishwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano yetu na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Siyo jambo lililotokea ghafla, watu walitangaziwa mapema. Waliokuwa na kitu walikaa wakakarabati mitumbwi yao. Wasiokuwa na kitu waliuza injini kwa bei ya kutupa, na walionunua hawakutoka mbali, ni majirani zao hao hao waliokuwa wameweka. Wavuvi wawili, mwalo mmoja, samaki wale wale. Ziwa lilipofunguliwa mmoja alikuwa na injini mbili, mwenzake anaomba kazi ya kibarua kwenye mtumbwi aliozoea kuuita wake.

Ninyi wa mshahara hatari yenu ni kwamba mnadhani mbalamwezi haiwahusu, kwa sababu hela inaingia kila mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Hiyo ni mbalamwezi, na tarehe yake unaijua. Uhamisho, msiba wa Ujiji unaokutaka usafiri usiku huo huo, simu kuibiwa, hizo tarehe zake huzijui. Hela ya kwanza kuweka ni hiyo, kabla ya kiwanja, kabla ya pikipiki. Tuseme chumba, chakula, umeme, vocha na nauli vinakula 250,000. Huko maharage na muhogo viko mlangoni, huwezi kula kama mtu wa Dar. Miezi mitatu ni 750,000. Ukitenga 150,000 siku mshahara unapoingia, usisubiri zitakazobaki kwa sababu hazibaki, miezi mitano umeifikisha.

Ukijumlisha hayo ni 400,000. Zimebaki 90,000, na hapo ndipo ugomvi wote ulipo.

Mizinga utapigwa, baba. Wewe ni mtumishi wa kwanza katika nyumba ya marehemu kaka, na kila aliyewahi kukununulia daftari atakumbuka rangi yake. Nimekaa na mama yako tumekubaliana: 50,000 kila mwezi, unamtumia yeye, pamoja na ya kutolea. Wengine wakipiga, waambie ya nyumbani iko kwa mama, na kama wana neno wamwone shangazi. Ubaya huo nipe mimi. Nimekuwa mweka hazina wa kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, nimeshanuniwa na wanawake wakali kuliko hao. Baba yako mdogo atasema umebadilika. Aseme. Alimsema hivyo hivyo binamu yako, na siku ya harusi ya binamu huyo alikaa meza ya mbele akala mara mbili.

Ndugu akija na shida ya kweli, mpe kile ambacho uko tayari kukisahau. Mpe elfu kumi yako waziwazi, kuliko kumkopesha hamsini halafu mkaanza kukwepana misibani. Michango ya harusi nayo utawekwa kwenye makundi ya WhatsApp bila kuulizwa. Toa kwa watu ambao wangekuja kwako. Wengine waandikie hongera za moyoni, na ukimya wao usiuogope.

Zile 40,000 za mwisho ni zako. Kula nyama choma, nunua shati, nenda katazame mpira Kasulu kama unataka. Mtu anayejibana kila siku ndiye anayekuja kulipuka siku moja na televisheni ya inchi 55 kwenye chumba kisicho na kitanda. Kubeti usianze, sina zaidi la kusema hapo.

Akiba isikae kwenye simu, maana simu unalala nayo. Iweke benki, akaunti tofauti na ya mshahara, na kadi yake uiache kwa mama. Benki ikifa, Bodi ya Bima ya Amana hulipa mpaka 7,500,000 kwa mteja, wewe hujafika huko. Ukishavuka ile 750,000 ndipo uangalie UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambayo ni ya serikali na mfuko wake wa kwanza, Umoja, upo tangu 2005. Unanunua vipande kidogo kidogo, na unaviuza ukihitaji. Lakini elewa kwamba bei ya kipande hupanda na hushuka, na hakuna anayekuandikia ahadi ya faida. Akitokea anayekuahidi, huyo siye wao.

Kikoba nakipenda, nisingekuwa na ghala bila kikoba. Ila kiwe cha watu mnaoonana uso kwa uso, kwako ni walimu wenzako na wauguzi wa zahanati. Uliza sanduku lina kufuli ngapi na funguo ziko kwa nani. Ziwe tatu, kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Uliza siku ya kuvunja, yaani ya kugawana. Uliza mwaka jana nani alishindwa kurejesha na walimfanyaje, kisha watazame nyuso zao wanavyojibu. Kundi la mtandaoni lenye mwenyekiti usiyewahi kumwona, linalosema weka laki utoe laki mbili, tulishalijua kwa jina la DECI. Watu walipanda mbegu nchi nzima, 2009 ikafungwa, na waliovuna ni wale wa mwanzo tu. Wewe ulikuwa mdogo. Sasa wanakuja na majina ya Kizungu na picha za maghorofa.

Umemwambia pia mama yako kwamba utanunua pikipiki, umpe kijana awe anakuletea hesabu. Utakuwa darasani, yeye yuko barabarani. Jumatatu pancha, Jumatano trafiki, Ijumaa mvua, na wewe huna hata la kubisha kwa sababu hukuwepo. Kama unataka biashara, anza na ile unayoweza kuisimamia saa kumi jioni vipindi vikiisha. Mpaka wa Burundi uko karibu na maharage yanatembea, hapo kuna kitu, lakini kiangalie msimu mzima kwanza.

Slipu yako ya kwanza ikitoka, ipige picha unitumie tuipitie mstari kwa mstari. Makato usiyoyajua uyaulizie kwa afisa utumishi mwezi huo huo, usingoje yazoeleke. Yule wa fomu mwambie shangazi anataka kumwona, aje Kibirizi asubuhi, aulize mama wa dagaa wakavu. Hatakuja.

Nimekufungia dagaa ndoo moja, wa giza hili, wakavu sawasawa. Nauli ya mzigo nimeshalipa, kondakta asikudai. Na maharage ya huko yakianza kuvunwa, niulizie bei ya gunia shambani na bei ya gunia mnadani, zote mbili. Nikiziona zina maana nitakutumia hela ya magunia mawili. Usininunulie kwa hela yako.

Shangazi yako,
Kibirizi