Usinunue pampu bado, mwanangu

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Nyanyako ahueni, alhamdulillahi, homa imeshuka na jana alikunywa uji akaumaliza. Nitakaa naye huku Lamu mpaka apate nguvu, kwa hivyo mambo ya gari itabidi unisikilize kwa barua.

Umeniambia fundi aliona mafuta yakidondoka, akasema pampu ya stiaringi, ile inayosukuma mafuta ili usukani uwe mwepesi, imekufa, nunua nyingine. Mama, usitoe pesa. Nimekaa na babako katika duka la spea pale Mwembe Tayari tangu hujazaliwa, na nimeona pampu nzima ziking'olewa bure kwa sababu ya wosha mbili za shaba, vile vijipete bapa vya kuzibia. Corolla hiyo ni ya 1998. Vyuma vyake vimeliwa na chumvi ya pwani miaka yote hiyo, na hosi zinapikwa na joto la injini kila siku unapongoja feri ya Likoni. Kuvuja kwake si ajabu. La kujua ni inavujia wapi.

Ioshwe kwanza. Mafuta hutambaa juu ya hosi hadi yapate pa kudondokea, kwa hivyo tone la chini halikuonyeshi penye tatizo. Injini ikiwa baridi, fundi asugue pampu, hosi na boksi la stiaringi, lile linalogeuza magurudumu, kwa brashi na mafuta ya taa, apanguse mpaka pakauke kabisa. Kisha wewe washa gari uzungushe usukani kushoto na kulia, naye amulike tochi. Asipapase kwa mkono! Usukani ukifika mwisho, presha ndani hupita baa 60, zaidi ya mara 25 ya upepo wa tairi, na mchirizi mwembamba wa mafuta hayo unatoboa ngozi. Atumie kipande cha katoni. Na wewe usiushikilie usukani pale mwisho, ufikishe uurudishe.

Nadhani ataona unyevu ukichipuka pale hosi inapoingia kwenye pampu. Pana boliti nene yenye tundu ndani, mafuta hupita humo, na kichwa cha hosi ni pete iliyovaa boliti hiyo. Wosha moja ya shaba iko juu ya pete, nyengine chini yake. Shaba ni laini, boliti ikikazwa inabonyea na kujaza kila mkwaruzo. Ikishabonyea mara moja haizibi tena vizuri, ndiyo maana ukifungua unaweka mpya, zote mbili, hata kama iliyovuja ni moja.

Akitoa tepu nyeupe ya mafundi wa mifereji, mkatalie. Hapo kinachoziba ni wosha, si uzi wa boliti, na kijipande cha tepu kikikatika kitaingia kwenye mafuta na kwenda kukwama ndani ya vali. Wala asikaze kwa nguvu zake zote. Uzi wa pampu ukiliwa, hapo ndipo utanunua pampu kweli.

Ikiwa kunavuja upande wa boksi, atumie spana ya pete iliyopasuliwa mdomo, ile ya nati za mabomba ya breki. Spana ya kawaida humung'unya pembe za nati yenye kutu. Na kama ni hosi yenyewe inayotoa jasho pale mpira unapokutana na chuma, wosha haitasaidia. Ipeleke kwa mafundi wa hosi za haidroliki, wale wanaowatengenezea wenye malori ya bandarini, wakubanie mpira mpya kwenye vichwa vyako vya zamani. Mpira wa kawaida wenye klipu ni wa njia ya kurudishia mafuta tu, upande wa presha utachomoka.

Kujaza ni ATF nyekundu, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki, aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la stiaringi ndani ya boneti. Kisha magurudumu ya mbele yainuliwe yawekwe juu ya stendi, jeki peke yake isiaminiwe. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho, taratibu, injini imezimwa, huku fundi akiongeza mafuta kila yanaposhuka. Ukiwasha na mafuta yakatoa povu, bado kuna hewa. Zima, ngoja povu litulie, rudia.

Mpaka hapo, gari lisitoke. Panda matatu. Mafuta yakimwagikia ekzosi yenye moto yanaweza kuwaka, na yakiisha usukani unakuwa mzito ghafla. Sitaki ukushinde kwenye mteremko wa kuingilia feri, watu wamejaa mbele yako.

Wosha za shaba ziko stoo, kwenye kopo la maziwa ya unga, babako alizitunga kwenye waya kwa ukubwa. Usikisie kwa macho, chukua boliti yenyewe uipimie hapo hapo. Zikikosekana, mwenye duka jirani anakujua, mwambie nimekutuma mimi.

Mamako