Sketi ya Januari, gauni la Novemba

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Newala. Nashona sare za shule na magauni ya harusi. Sare zina msimu wake, Desemba na Januari; magauni huanza Oktoba, pesa za korosho zikishaingia.

Mwezi huu mama mmoja kaja na bintiye nimpime gauni. Kufungua daftari la vipimo, jina lake limo: Januari nilimshonea sketi ya darasa la saba. Kifua kilikuwa inchi 28, sasa 29. Mama akaniomba niweke sponji, "ajaejae kidogo." Binti mwenyewe aliuliza kitu kimoja tu: gauni litakuwa na mfuko kama ile sketi?

Mtihani kafanya Septemba, matokeo bado. Bwana harusi ni mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho za magendo, rika la baba yake.

Nikaenda ofisi ya mtaa. Ni mwanafunzi? Kamaliza la saba. Umri? Miaka 15. Baba karidhia? Karidhia. "Basi mama, hapo hakuna kesi."

Na kwa maandishi yalivyo, sikuwa na la kumjibu. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanampa kifungo cha miaka 30 anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Huku tunaiogopa sheria hiyo, na inasaidia. Lakini aliyemaliza la saba na hajaitwa sekondari, ni mwanafunzi wa shule ipi? Hapo anaangukia Sheria ya Ndoa ya 1971, inayoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa mzazi akikubali, ilhali mvulana anasubiri 18. Na miezi hiyo ya kungoja matokeo ndiyo miezi ya korosho.

Julai 2016 Mahakama Kuu, katika kesi aliyofungua Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinavunja Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Mahakama ya Rufani Oktoba 2019. Miaka inapita. Mimi nikimchelewesha mteja wiki moja anakuja kunifokea mlangoni.

Wa mbali wakisikia kusini wanakimbilia kuulaumu unyago. Nimechezwa, na somo wangu, aliyenifunda, hakuniambia niolewe, aliniambia nijitunze. Ila sitadanganya, mtoto akishatolewa unyagoni wapo wanaume wanaomhesabu mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama bado anacheza rede.

Nami si msafi. Magauni ya namna hii nimeshayashona, pesa nikala, na pilau ya harusi nikaenda kula. Safari hii nilirudisha kianzio, shilingi 20,000. Mama hakugombana, alikunja kitambaa chake akakipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili.

Wabunge wetu wa Mtwara na Lindi, bei ya korosho mnaipigania kila msimu na tunawasikia redioni. Muulizeni Waziri wa Katiba na Sheria, muswada wa kurekebisha Sheria ya Ndoa unaletwa mkutano upi wa Bunge? Atutajie mwezi.

Harusi ni Jumamosi. Daftari la vipimo ninalo hapa kibandani, anayetaka kuliona aje.

Fundi Cherehani,
Newala, Mtwara