Asante, binti wa foleni ya agroveti Njoro

Binti uliyesimama nyuma yangu kwenye foleni ya agroveti, duka la pembejeo za kilimo, pale Njoro mwezi Machi, asubuhi baada ya mvua ya kwanza: sikukuuliza jina, na sijakuona tena. Nilikuwa nikinunua mbegu ya mahindi nipande kesho yake. Uliomba kabambe yangu, simu ndogo ya vitufe, ukanisajilia ujumbe wa hali ya hewa kwa Kiswahili, kisha ukaketi nami kwenye benchi ukinifafanulia. Hapo ndipo uliponisaidia hasa. Ulisema mvua ya siku mbili bado si masika. Mbegu huota kwa unyevu huo kidogo, jua likirudi mche unakauka kabla mizizi haijashika. Tena utabiri wa mvua wa asilimia 70 una maana kwamba katika siku 10 zenye utabiri huo, 3 hivi hubaki kavu. Nimelima miaka mingi, hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Nilingoja. Jua liliwaka karibu wiki mbili, kisha ujumbe ukaja, nikapanda. Sasa mahindi yamefika kiunoni. Juzi nimeahirisha kutia mbolea ya CAN kwa kuwa simu ilionya mvua kubwa, ingeisomba yote.

Mungu akubariki sana, mwanangu. Ukipita tena Njoro, hindi lako la kuchoma lipo.