Kabla hujatia saini: barua kwa mwanangu alieko Naivasha

Mwanangu kipenzi,

Salaam aleikum. Natumai u mzima na kifua kimepoa, manake juzi kwenye simu nilikusikia unakohoa kila neno la tatu, na mamako akanipokonya simu hata sikumaliza nililotaka kusema. Ndo nikaona bora nikuandikie, usome usiku ukiwa umekaa kitako, sio ukiwa kwa foleni unangoja basi la shamba. Ni ndefu kidogo, nivumilie.

Umesema wamekuita ofisini hapo shamba la maua wakakwambia wanakutaka pamanenti, uandikwe kazi ya kudumu. Ulienda huko kwa msimu mmoja tu, tukakubaliana ni maua ya Valentine, Desemba mpaka Februari, ipatikane ada urudi Mombasa umalizie kozi yako ya upishi. Msimu ukazaa msimu. Kila miezi mitatu ikiisha wanawapumzisha siku kadhaa halafu wanawaita tena na karatasi mpya, na saa hii ni mwaka na zaidi. Sasa unaniuliza, baba nisaini ama niache, na ukasema lile neno, "nikisaini nimefungwa". Neno lile limenikosesha usingizi, manake nililitamka mimi kabla yako na kabla yangu alilitamka babu yako.

Babangu alikua kuli bandarini Kilindini. Alfajiri wanasimama getini, anaechaguliwa anapewa kikaratasi cha siku, jioni anakirudisha analipwa chake, na ndo neno kibarua lilikotoka, ni barua ndogo tu. Mimi nikiwa mdogo nilidhani kibarua ni mtu mnyonge, kumbe mzee alikua anajivunia. Ule mgomo wa Januari 1947 uliosimamisha Mombasa nzima alikua akiusimulia mpaka chai inapoa, na baadae miaka ya 50 wakubwa wa bandari walipotaka makuli waandikwe wawe wa kudumu, watu wengi wa Pwani hawakutaka na yeye hakutaka. Alikua anafanya siku kumi, kumi na mbili kwa mwezi, akichoka anavuka feri anarudi zake Tiwi kuangua nazi, na hakuna msimamizi wa kumuuliza jana ulikua wapi. Mimi sifungwi, ndo yalikua maneno yake.

Lakini sikiliza hapa mwanangu, hili nililielewa nimeshachelewa. Uhuru wa babangu ulikua umeshikwa na minazi. Akikataliwa getini siku tatu mfululizo nyumbani kuna nazi, kuna muhogo, kuna shemeji yake anavua, kwa hivo geti lile halikua na nguvu juu yake. Mimi nimeingia godauni mwaka 1986 kama kibarua, na 1991 wakaniita kama walivokuita wewe, wakasema wanaandika watu sita na jina langu limo. Nikamwambia karani mimi sifungwi. Nikajiona mwanamume kweli kweli. Na shamba la Tiwi lilikua lishauzwa kitambo, tuko watu wanane vyumba viwili hapa Likoni, nauli ya kesho naitafuta leo. Nilibeba maneno ya babangu bila minazi yake.

Hili la mguu unalijua nusu, sijawahi kukueleza lote. Ilikua 1996, tunapanga magunia ya sukari, rundo likasogea na gunia likanishukia mguuni, nilisikia mfupa kabla sijasikia uchungu. Wenzangu wakanibeba mpaka ofisini wakanilaza kwenye benchi. Karani akatoa daftari kubwa la jalada la bluu, akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kushuka na majina, polepole, jina baada ya jina, nami nakitazama kile kidole na damu inajaa kwenye kiatu. Akafika chini. Akafunua ukurasa mwengine. Akafunga daftari akasema huyu hayumo. Alikua akinijua, tulikua tunakunywa kahawa pamoja kila siku, lakini kwenye daftari simo. Wakanipa shilingi mia mbili za teksi. Miezi mitano nilikaa ndani, mamako akawa anakaanga viazi karai pale nje ndo tunakula. Wale sita walioandikwa 1991, mmoja aliumia mkono mwaka uliofuata, akalipwa na kazi yake akaikuta. Simtukani mtu, nakupa picha tu ya kile kidole.

Sasa turudi kwako. Jiulize una mnazi gani huko Naivasha. Chumba unakodi, maji unanunua, mandazi ya asubuhi ni pesa, na wakikwambia keshokutwa usije, siku ya nne utanipigia simu mimi, na mimi sina. Kwa hivo huo uhuru unaouogopea sioni umesimama juu ya nini. Ungekua na cherehani inayoingiza, ama kozi ishalipiwa na pa kulala pako, ningekwambia kataa leo leo na uwaambie asante.

Mimi naona usaini. Lakini usisaini kama mtu aliyefanyiwa hisani.

Kwanza hio karatasi uisome tarehe. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba uonyeshe siku kazi ilipoanza, na wewe hukuanza mwezi huu, umekua mezani hapo mwaka mzima unapima urefu wa waridi kwa sentimita, arubaini, hamsini, sitini, nakumbuka uliponionyesha kwa video vidole vimefungwa plasta kila kimoja kwa sababu ya miiba. Waulize kwa adabu ule mwaka umeenda wapi. Usione ni jambo dogo, siku wakipunguza watu sheria inasema walipe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliomaliza, sasa mwaka ukikatwa mwanzoni hautaurudisha mwishoni. Na sheria hio hio inasema hata kibarua akifanya mfululizo ikafika jumla ya mwezi anahesabiwa mtu wa mshahara wa mwezi, mimi hili nimeambiwa na kijana wa chama cha wafanyakazi hapa nikashika kichwa, ndo maana nadhani zile siku za kupumzishwa hazikua za kupumzisha, zilikua za kukata huo mfululizo. Huko kwenye maua kuna chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, mtafute mwakilishi wao hapo shambani umuonyeshe karatasi kabla ya saini. Atakwambia na mshahara wa kiwango chako unatakiwa uwe ngapi kwa makubaliano ya sasa.

Pili, majaribio. Usishangae ukiona wamekuandikia miezi ya majaribio juu ya mwaka uliofanya, muombe waitoe. Wakikataa, isizidi sita, na kuongeza ni mpaka ukubali.

Makato umelalamika kwamba pesa mkononi itapungua. Ni kweli itapungua. NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia 6, bima ya afya 2.75, tozo ya nyumba 1.5, na inauma nikikuangalia unavohesabu. Lakini kwenye NSSF na wao wanatia 6 yao juu ya yako, hio sio pesa iliyopotea. Tena hata misimu ile walifaa kukata na kupeleka, kwa hivo hebu angalia akaunti yako uone kama kuna kitu, na kama peslip zako, zile karatasi za mshahara, zilionyesha makato na huko hakuna kitu, hilo uwaulize wewe mwenyewe, usimtume mtu. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka na mshahara unaingia, sasa mwanangu Idi hii ilokwisha uliila chumbani peke yako kwa kuogopa kukosa siku, mimi nilikua naikumbuka hio kila nikitia pilau mdomoni.

Hilo la kufungwa sasa. Pamanenti sio nikaha ya kutoka mpaka utalakiwe. Mtu wa mshahara wa mwezi akitaka kutoka anaandika notisi, siku 28 kama mkataba wenu haukutaja muda mrefu zaidi, anapeana mkono na watu wake anaondoka. Ukisaini leo na chuo kikikuita Septemba utaandika barua Agosti. Mlango uko, kazi ni kuusoma mkataba ujue uko upande gani.

Pia sitaki ujidanganye kwamba ukishaandikwa ndo mambo yametulia. Unakumbuka 2020, soko la Uholanzi liliporomoka mwezi Machi, waridi zikamwagwa mashimoni kama taka na watu wakarudishwa makwao kwa maelfu, na wa pamanenti pia walikuwemo. Ua halingoji. Kwa hivo hio kozi usiizike. Uliza kabla ya saini kama zamu inaweza kukuachia Jumamosi, na kila mwezi weka kitu kwenye sacco, hata kidogo, hio ndo itakua minazi yako mama.

Na kifua. Usinifiche. Chumba kile cha baridi cha kuwekea maua unaingia na kutoka mara ngapi kwa siku na unavaa nini. Waambie watoe koti zito kabla ya yote, na wakisema litakuja mwezi ujao basi na saini ije mwezi ujao.

Kuna jambo moja nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Mwezi wa nne ulituma pesa ya mabati, na wa sita ukatuma tena, na mamako amekua anasema kwa simu "bado upande wa jikoni". Nimemkanya. Kama unataka kusaini kwa sababu ya paa letu, usisaini. Sisi tumelala chini ya makuti miaka thelathini na mvua inajua njia yake, kuna sufuria pale inakinga. Usaini ikiwa asubuhi ukiamka unaona hio kazi inakufikisha kwako wewe, sio kwetu. Na ukiona moyo umekataa kabisa, chumba chako kiko, nimempa kaka yako akae sebuleni, kitanda hakijaguswa.

Jumapili nitakua nyumbani baada ya adhuhuri. Piga kwa video, uweke hio karatasi mbele ya kamera ukurasa kwa ukurasa, tuisome sote, kaka yako atasoma kwa sauti manake miwani yangu imevunjika mguu. Mpaka hapo usimpe mtu jibu, waambie namngoja babangu, hakuna alieandikwa kazi akaikosa kwa siku tatu.

Mamako amekutilia kifurushi kwa basi la usiku la kesho, ni tangawizi, asali ya Kilifi, na vitumbua alivovifunga kwa gazeti. Ukakichukue asubuhi kabla ya zamu, vitumbua vikilala siku mbili havitalika.

Babako,
Likoni