Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wastaafu, Mwanza

Ndugu wanachama, wazee wenzangu, mwangaluka.

Nianze na mepesi. Mwaka huu tumewazika wenzetu watatu, Mungu awapumzishe, na mfuko wa kufa na kuzikana umetoa rambirambi zote bila kukopa. Ada zimelipwa, isipokuwa na wale wale wa kila mwaka. Wanajijua, na mhazini anawajua zaidi. Mahesabu atayasoma yeye.

Mimi nataka tuzungumze kuhusu swali lililojaza ofisi yetu mwaka mzima: inakuwaje pensheni ya mtu ikawa ndogo kuliko ya mwenzake walioanza kazi siku moja?

Mwezi Machi alikuja mwanachama wetu mmoja aliyekuwa akikata minofu ya sangara kiwandani. Alibeba mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na hati zake za mshahara za miaka 19, kila mwaka umefungwa kwa mpira wake. Tukazipanga mezani, tukalinganisha na taarifa ya michango aliyopewa na mfuko wake wa pensheni. Ikawa sawa, sawa, mpaka tulipofika 2009. Kwenye hati amekatwa mchango wa miezi saba. Kwenye taarifa ya mfuko miezi hiyo ni mitupu. Mwajiri alikata, hakupeleka.

Mwaka ule wengi mnaukumbuka. Mtikisiko wa uchumi ulianzia kwenye mikopo ya nyumba huko Marekani, huku Kanda ya Ziwa tukaujua kwa bei ya pamba kuanguka na oda za minofu kutoka Ulaya kupungua. Zamu zikakatwa viwandani. Mwenye kiwanda akibanwa, bili ya umeme atalipa, maana usipolipa wanakata. Mchango wa mfanyakazi ndio unaosubiri, kwa sababu mwenyewe hatajua mpaka afikishe miaka 60. Na wale waliopunguzwa kazi walikuwa tayari dirishani wanadai mafao yao. Kwa hiyo mfuko unaingiza kidogo na kutoa kingi kwa wakati mmoja.

Walimu na watu wa halmashauri, msicheke. Na serikali nayo ni mwajiri. Kabla ya 1999 mtumishi wa umma hakuwa anachangia. Hazina ndiyo iliyolipa. Ilipoundwa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ukabebeshwa kulipa hata miaka ambayo haukuchangiwa, na deni hilo likalala muda mrefu. PSSSF, mfuko wa sasa wa watumishi wa umma, ilipozaliwa 2018 kwa kuunganisha mifuko minne, ikalirithi. Ni katika mwaka wa fedha 2021/22 ndipo serikali ilipotoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya shilingi trilioni 2.17 kulipunguza. Ni karatasi yenye riba, si fedha mkononi. Mimi nasema afadhali karatasi kuliko ahadi. Mhazini hakubali, na tumeshabishana vya kutosha.

Kisha kuna mishahara. Kuanzia 2016 mpaka 2022 watumishi walikaa bila nyongeza ya jumla. Sasa, pensheni inapigwa kwa wastani wa miaka mitatu ya mshahara wako mzuri. Aliyestaafu 2021 ameondoka na mshahara uliodumaa, na atakwenda nao mpaka kaburini. Sisi tuligombana kuhusu mkupuo tu, yaani sehemu ya mafao anayolipwa mstaafu kwa mara moja: asilimia 25 ya 2018 iliyositishwa, 33 ya 2022, 40 ya bajeti ya 2024. Sikatai, ile ya 25 ilikuwa ya kukasirikia. Lakini mkupuo ni namna ya kugawa chungu. Hatukuuliza chungu kina nini.

Wala msidhani ni umaskini wetu. CalPERS, mfuko mkubwa wa watumishi wa California, ulipoteza karibu robo ya mali yake katika mwaka ulioishia Juni 2009, kwa sababu hisa zilianguka. Jiji la Detroit liliomba kufilisika 2013, na wastaafu wake wa kawaida wakakatwa asilimia 4.5 pamoja na kupoteza nyongeza ya kila mwaka. Fedha yetu haiko sana kwenye hisa. Iko kwenye hatifungani za serikali, na kwenye majengo kama Rock City Mall hapa kwetu, ambamo LAPF, mfuko wa zamani wa watumishi wa serikali za mitaa, ilishirikiana na Jiji. Basi serikali ikibanwa, sisi tunaumia mara mbili: ndiyo mwajiri anayetakiwa kuleta asilimia 15 ya mshahara, na ndiyo mkopaji anayetakiwa kulipa riba. Ghana yaliwafika. Februari 2023 wastaafu wenye hatifungani walisimama nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra, na Jaji Mkuu mstaafu Sophia Akuffo akasimama pamoja nao, mpaka hatifungani zao zikaondolewa kwenye mpango wa serikali wa kupunguza deni lake.

Sisi bado hatujafika huko. Kamati imeamua kila Jumatano asubuhi meza iwe wazi ofisini. Leta taarifa ya michango na hati ulizonazo, hata zilizoliwa na mende. Mwambie pia mwanao aliye kazini aombe taarifa yake sasa, asisubiri uzee.

Yule mwenzetu wa minofu tulimwandikia barua tatu. Miezi minne imeshaingizwa, mitatu bado. Mkebe wake uko kabatini kwa katibu; amekataa kuuchukua mpaka hiyo mitatu ionekane.