Kicheko cha shoga yangu hakinitoki masikioni

Anti, shikamoo.

Sijalala. Adhana ya alfajiri imenikuta barazani, simu mkononi, nasikiliza sauti ile ile aliyonitumia, haifiki hata dakika mbili. Naipeleka mpaka pale anapocheka, naizima, naiwasha tena.

Huyu tumekua naye mlango kwa mlango, tumechezwa unyago pamoja, yeye akaolewa Mwanza mwaka 2011, mimi nikabaki hapa hapa Mtwara. Tangu tupate WhatsApp hazipiti siku tatu hatujaongea. Na wala si mambo makubwa, Anti. "Leo mmepika nini?" Basi. Yeye ananisimulia sato wa kuchoma, mimi namsimulia pweza wa nazi. Mtu akitusikiliza atadhani tuna mgahawa.

Mwezi uliopita nikampelekea kifurushi kwa basi. Korosho kidogo nilizobangua mwenyewe, na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu. Ming'oko nilikwenda kuichimba kwa mikono yangu, sikununua stendi. Nikapukuta udongo mmoja mmoja, nikafunga kwenye kiroba. Mpaka kifike Dar, kibadilishiwe gari, kifike Mwanza, piga hesabu mwenyewe. Na sikujipendekeza. Ni yeye aliyesema ana hamu nayo, tangu bibi yake afariki hajaionja.

Kikafika. Akanitumia sauti ya kushukuru, na katikati ya shukrani nasikia mwanaume nyuma yake, nadhani shemeji, anauliza: "Hiyo mizizi ndiyo zawadi?" Akacheka. Shoga yangu, si huyo mwanaume. Akamjibu: "Chakula cha njaa hicho, cha zamani. Siku hizi kwetu hawali, sijui kakitoa wapi." Halafu akaendelea kunishukuru kama vile mimi sina masikio.

Chakula cha njaa! Aliponiambia wakwe zake wanakata viazi vitamu wanavianika, wanaviita michembe, mimi nilicheka? Niliuliza vinapikwaje.

Mume wangu anasema nakuza mambo, kicheko ni kicheko tu. Yeye bora anyamaze. Mikorosho yetu si mingi, na msimu uliopita ugonjwa wa ubwiriunga ulishika maua kwa sababu salfa tulipuliza tumechelewa. Hata hicho kidogo alikuwa ameshakiuza kangomba, kwa mlanguzi, mabibo hayajaiva, bila kuniambia. Minada ilipoanza wenzetu wanapeleka magunia ghalani, sisi tunampelekea mwenye pesa zake. Sikuambii haya ili unionee huruma. Nakuambia ili uelewe kwamba pweza nimemla mara ya mwisho Idi.

Hizo siku nyingine nilikuwa nasema tu. Si uongo wa kumdhuru mtu. Mtu anakuuliza umepika nini, utamjibu kila siku ugali wa muhogo na kisamvu? Mwanzoni nilidanganya siku moja, akafurahi sana, akasema mate yanamtoka, kesho yake nikashindwa kurudi nyuma. Na ming'oko tunakula, ndiyo. Asubuhi kwa chai ya rangi, na zipo siku mchana pia. Kwa hiyo asiseme kwetu hawali.

Lakini kile kicheko, Anti. Yeye alikuwa anamenya ming'oko kwa vidole pamoja na mimi, tunachovya kwenye chumvi na pilipili, tunagombania ile minene. Leo mbele ya mumewe haijui?

Sisemi ni mtu mbaya. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ikakatika kule Somanga, magari hayapiti na bei za vitu zinapanda, wa kwanza kunipigia alikuwa yeye. Alitaka kunitumia pesa nikamwambia asihangaike, kwangu kila kitu kipo. Hakikuwepo.

Sasa anakuja. Watoto wakifunga shule anakuja nao, wiki nzima, kwangu. Amesema wanawe amewaahidi pweza wa mama mkubwa wa Mtwara. Mimi sitaki aje. Nimeshafua mapazia na nimemwomba jirani godoro, lakini sitaki. Nimewaza kumwambia tuna msiba Newala, nikaogopa kujichuria. Nimewaza nikope laki moja kwenye kikoba nipike hivyo vitu wiki nzima mpaka waondoke, ila marejesho nitayatoa wapi, na mume wangu nikimwambia atauliza yule si ndiye aliyekucheka?

Au nimwambie kwamba nilimsikia? Nikimwambia nilimsikia itabidi nimwambie pia kwa nini imeniuma hivi, na hapo ndipo mdomo unakuwa mzito. Labda bora nimkasirikie tu, nisijibu simu zake, atajua mwenyewe alichokosea. Jana ameuliza mara mbili tumepika nini na sijamjibu. Nimeona amenitumia na picha ya watoto, wamekua wale, mdogo kafanana na bibi yake kama wamepigwa chapa.

Nijibu mapema, shule zinafungwa karibuni. Na tafadhali ukiitoa barua hii, pale niliposema ming'oko weka hata muhogo, maana na yeye anakusoma.

Mimi msomaji wako,
Mtwara