Kiunzi cha kauri bila koti ni chaki tu

Mhariri,

Kwa jinsi ajali za bodaboda zinavyovunja miguu hapa Nairobi, si ajabu watu kuuliza kuhusu "mfupa wa kauri", yaani kiunzi cha kauri kinachowekwa kwenye pengo la mfupa ili mfupa mpya uote ndani yake. Wengi hudhani sifa yake ni ugumu. Sivyo, sifa yake ni matundu.

Sponji ya poliurethani huchovywa kwenye uji wa unga wa haidroksiapataiti (madini yanayofanana na ya mfupa), hukamuliwa, hukaushwa, kisha huingia tanurini. Hapa ndipo kazi huharibika. Hadi nyuzi 600 hivi za Selsiasi, joto lipande nyuzi 1 au 2 tu kwa dakika, kwani sponji ikiungua hutoa gesi; ukiharakisha, gesi huipasua kauri ambayo bado ni unga ulioshikana. Baadaye hufikishwa karibu nyuzi 1,250. Hubaki matundu yaliyoungana, mengi ya mikroni 100 hadi 500 (milimita 0.1 hadi 0.5), seli na mishipa ya damu ipite, na vijiti vyenye uwazi ndani kama mirija, pale sponji ilipokuwa. Kibonyeze kiunzi hicho kwa vidole: kinamomonyoka.

Ndiyo maana hupakwa koti la polima, mathalani polikaprolaktoni (plastiki inayooza polepole mwilini) iliyoyeyushwa kwenye kimiminika, inayoingia kwenye nyufa za vijiti na kuzishika zisipanuke. Koti zito nalo huziba matundu na kuificha kauri ambayo mfupa unataka kuigusa. Afadhali kuchovya mara mbili kwenye mchanganyiko mwepesi, ukipuliza ziada kila mara.

Hata hivyo, mguuni kiunzi hiki hakibebi uzito peke yake. Chuma cha daktari wa mifupa bado kinahitajika.

Mafundi wa kauri za tiba,
Nairobi